Mafuta ya Somo

Somo wangu ameniruhusu kuandika haya. Alisema niandike yote, nisimfichie hata aibu yake, ila nisitaje jina la mtu na nisiandike nyimbo za unyago. Nyimbo sitaziandika. Mengine nitayaandika, na watakaokasirika kwamba mambo ya ndani yametolewa nje, wakasirike. Mimi mwenyewe ni mtu wa hasira za karibu, na mwaka ule hasira hizo ndizo zilizonifikisha hospitali kabla muda wangu haujaisha.

Mume wangu ni fundi nondo. Hufunga vyuma vya misingi na nguzo huko kwenye kambi za gesi, ng'ambo ya Palma, Msumbiji, na hulala hukohuko. Kila mwezi hupewa wiki moja ya kurudi nyumbani, kijijini kwetu upande wa kaskazini, mwendo wa saa nzima kwa mota, maana pikipiki sisi twaiita mota. Mwezi mmoja alirudi na kikohozi kisichosikia dawa. Hospitalini Palma walimpima kifua, wakampima damu, kisha wakamwambia arudi na mkewe. Damu yake ilikuwa na virusi vya ukimwi. Yangu haikuwa navyo. Binti yetu alikuwa na miezi saba, ananyonya.

Sikumuuliza alivipata wapi. Nilijua nikiuliza nitajibiwa, na jibu lenyewe ningelazimika kulala nalo kitanda kimoja.

Nesi aliyetupokea alikuwa mwanamke wa rika langu, Mmakonde wa bara, Mkristo, mwenye sauti ya chini. Alimwanzishia mume wangu vidonge vya kila siku. Alituambia kwamba akivimeza bila kuruka, virusi vitapungua mpaka siku moja kipimo hakitaviona tena, na hapo hataweza kuniambukiza. Lakini siku hiyo ilikuwa bado. Mpaka kipimo kiseme, kondomu kila mara, bila kukosa. Kisha akanigeukia mimi.

"Mana, wewe unanyonyesha," alisema, akiniita dada kwa Kireno. "Ukivipata sasa, mwanzo wake ndio huwa mkali, virusi hujaa mwilini upesi, na mtoto anavinywa kwenye ziwa. Kwa hiyo huyu hapa ndiye unayemlinda." Akamgusa mtoto mguu. "Na ikitokea ajali, kondomu ikapasuka au ikatoka, njoo ndani ya siku tatu. Kuna dawa ya kuzuia. Siku tatu zikipita, dawa hiyo haina kazi tena."

Tukaondoka na boksi la kondomu ndani ya kikapu, limefunikwa kapulana, kanga ya kwetu. Nakumbuka nilijisikia nafuu. Nilidhani kazi kubwa ilikuwa kukubali kuzitumia.

Sasa lazima nieleze habari ya somo, maana bila hiyo haya mengine hayaeleweki. Kwetu pwani msichana hakabidhiwi mume hivihivi. Ana mwanamke mmoja mtu mzima aliyemfunda, na huyo hubaki kuwa somo wake mpaka kufa. Wangu amewafunda nusu ya wanawake wa kijiji chetu, na wengine wamepelekwa kwake kutoka visiwani, hata Rongui. Alinifundisha shanga: nyekundu zikitundikwa ukutani juu ya kitanda, mume ajue sipo, asinikaribie; nyeupe, ajue nipo. Alinifundisha kitambaa cheupe, maana kwetu mwanamume hajifuti mwenyewe. Hulala kimya akimaliza, na mke ndiye humfuta, polepole, kwa heshima. Na alinifundisha mafuta. Huyapika yeye mwenyewe, nazi kwa nazi, mpaka tui likatike na mafuta yapande juu, kisha hutia maua ya mlangilangi. Mke huyapasha moto viganjani na kumpaka mume tangu mabega mpaka nyayo, na hapaachwi mahali. Bibi harusi wa kwetu huingia nyumbani kwake na chupa ya mafuta ya somo, na ikiisha hurudi kwake kujaziwa. Nilikuwa nikijivunia mikono yangu. Mume wangu alikuwa akisema uchovu wa nondo humtoka kwenye vidole vyangu, nami nilikuwa nikicheka na kumwambia asiniambie mimi, akamshukuru somo.

Somo alikuwa na binti mmoja tu. Alifariki miaka kadhaa kabla ya hayo, baada ya kukonda muda mrefu, na kijiji kilisema ni homa. Aliacha mtoto, na somo ndiye anayemlea. Tangu mazishi hakuwahi kumtaja binti yule kwa jina. Akilazimika kumtaja, husema "mama wa huyu," basi.

Likizo ya kwanza baada ya habari ile, kondomu mbili zilitumika salama na ya tatu ikapasuka. Tukaitana wenye bahati mbaya. Siku tatu za nesi zikapita nami nikiona haya kwenda kusema kitu kama kile mbele ya watu kwenye benchi. Hilo ni kosa langu, na silisingizii jambo jingine.

Wiki iliyofuata nilipita kwa somo kujaza chupa. Alikuwa na wanawake wawili wakikuna nazi, na mazungumzo yakafika kwenye kondomu za hospitali, nami sikuyaanzisha mimi.

"Zile mbovu," alisema mmoja. "Kwangu zimepasuka. Kwa dada yangu zimepasuka."

"Wanatuletea sisi zilizooza," alisema wa pili. "Nzuri wanabaki nazo huko huko kwao."

Nilimtazama somo. Alikuwa anachuja mafuta na hakuinua kichwa. "Nimeambiwa na wengi," alisema. "Zinapasuka. Kitu kinachopasuka si kinga, ni mchezo." Kisha akainuka kwenda kumwita mjukuu wake aliyekuwa anacheza uani, ingawa mtoto hakuwa amefanya lolote.

Niliyaamini maneno yale. Kwa nini nisiyaamini? Sisi tumeshazoea kuletewa mabaki, kuanzia unga wa mgawo mpaka madaftari ya watoto.

Kondomu ya pili kupasuka ilikuwa Jumatatu, likizo iliyofuata, kiasi cha saa nne usiku. Sikuhitaji kuangalia. Nilihisi, naye akahisi, na sote wawili tukaganda. Aliketi ukingoni mwa kitanda amenipa mgongo, mgongo ule ukiwa unang'aa kwa mafuta. Mtoto alikuwa amelala kwenye mkeka karibu nasi. Akaamka na kulia kutaka ziwa, na kwa mara ya kwanza tangu nimzae niliogopa kumpa.

Nilimpa. Ningefanya nini? Nilimpa huku nikihesabu. Jumanne, Jumatano, Alhamisi saa nne usiku.

Jumanne mume wangu hakutoka nje. Mchana akaniambia, bila kunitazama, "Mke wangu, nimefikiri. Nitakupa talaka yako. Urudi kwenu ungali mzima, mimi nibaki na langu. Hii ni adhabu yangu, Mungu hataki hata mpira unifiche."

Nilikuwa nimeshika sufuria, na sijui hata leo kwa nini sikuitupa. "Talaka ya nini?" nilimwuliza. "Nani ameomba talaka? Mimi nimeomba kondomu isiyopasuka! Na Mungu usimtie humo. Wenye kosa ni waliotuletea uozo, na kesho nakwenda kuwatemea mbele ya macho yao."

Ndiyo hasira yangu ilivyo. Ikipata mtu wa kumlaumu hupata na miguu.

Lakini Jumatano barabara ilifungwa. Msafara wa magari ya kambi za gesi ulikuwa unapita, askari wakasimamisha kila mtu pale njia panda, na madereva wa mota wakakaa chini ya vivuli vya maduka wakisema labda mchana, labda alasiri. Nilikaa pale na mtoto mgongoni tangu saa mbili asubuhi. Niliwaza kwenda kwa miguu, nikaambiwa hata wa miguu hawapiti. Askari mmoja aliniuliza mtoto anaumwa nini. Nilitaka kumwambia haumwi, ndiyo maana nakimbia. Jua likazama tukarudishwa makwetu. Usiku ule nilimnyonyesha mara nne, na kila mara nilisema moyoni, huenda hii bado ni salama, huenda hii bado.

Alhamisi nilifika Palma saa nne asubuhi. Nilikuwa nimebakiwa na saa kumi na mbili. Benchi lilikuwa limejaa na sikukaa. Nilikwenda moja kwa moja mpaka mlango wa konsulta, chumba anachoonea wagonjwa nesi yule, nikasubiri anayehudumiwa atoke, nikaingia na kuliweka boksi mezani kwa kishindo.

"Chukueni uozo wenu," nilisema. "Mnatupima, mnatutisha, halafu mnatupa mipira iliyooza. Mara mbili sasa, mwezi uliopita na wiki hii. Mwanangu akiugua nitamlaza hapa hapa juu ya meza hii."

Nesi hakunikemea. Alifunga mlango. "Lini?" aliuliza.

"Jumatatu."

"Saa ngapi?"

"Nne usiku."

Alitazama saa ya ukutani na midomo yake ikacheza. Alikuwa anahesabu kama mimi. "Muda upo," alisema. "Keti. Kwanza damu, maana dawa hii haipewi mtu kabla ya kupimwa, na umesema ilishapasuka nyingine mwezi uliopita."

Sikuwa nimeliwaza hilo. Nilikuwa nimekimbia kwa ajili ya Jumatatu, nikaisahau ile ya kwanza. Alinitoboa kidole, tone likaingia kwenye kipimo, na tukaambiwa tungoje, mimi na binti yangu aliyekuwa anavuta kitambaa cha meza. Mstari mmoja ni salama. Miwili ni habari nyingine. Ule wa kwanza ulitokea upesi, mwekundu, na baada ya hapo nilikitazama kile kijimahali cheupe chini yake mpaka macho yakaniuma. Hapakutokea kitu. Nesi akaandika, akatoa vidonge kwenye kabati, akanimiminia maji.

"Kunywa mbele yangu," alisema. "Kila siku kimoja, siku ishirini na nane. Utasikia kichefuchefu. Usiruke hata siku moja, na mtoto endelea kumnyonyesha. Utarudi kupimwa baada ya wiki sita, na tena baada ya miezi mitatu. Kabla ya hapo sitakwambia umepona na sitakwambia umeambukizwa."

Nikameza. Nilidhani tumemaliza, nikainuka. Akanionyesha kiti.

"Sasa hizi mbovu," alisema, akalivuta boksi. Alisoma tarehe ubavuni, akanionyesha; ilikuwa bado mbali. Akauliza nimeziweka wapi, nikamwambia ndani ya mtungi, mahali pa baridi, si kwenye bati wala mfukoni mwa mtu. Akatikisa kichwa kuridhika. Kisha akavuta droo na kuweka mezani kielelezo cha mti kilichochongwa vizuri tu kama uume wa mwanamume. "Nionyeshe unavyofanya. Kuanzia mwanzo, usiruke kitu."

Niliona aibu, lakini hasira ilikuwa bado inanibeba. Nikachukua pakiti nikaipeleka mdomoni.

"Si kwa meno," alisema. "Isukume kwanza ikae upande mmoja, ndipo uchane kwa vidole."

Nikachana. Nikaiweka juu, akanizuia tena: nibane ncha kwanza, itoke hewa, pabaki nafasi ya kupokea maji ya mwanamume. Nikaivingirisha mpaka chini kabisa. "Na akimaliza?"

"Akimaliza analala. Mimi namfuta."

"Analala akiwa bado ndani?"

Nikakubali kwa kichwa. Kwetu ndivyo, alale kimya mpaka mke ainuke kumfuta. Akaniambia hapo ndipo nyingine hubaki ndani au humwagika. Kwamba mume ashike pete ya chini na atoke upesi, uume ungali umesimama, na kumfuta kuje baadaye. "Heshima itangoja dakika moja," alisema, na kwa mara ya kwanza akatabasamu. "Hata kwetu Makonde tuna unyago, mana. Najua."

"Hayo yote sawa," nilisema. "Lakini zilipasuka katikati. Si mambo ya meno wala ya kulala."

Alinitazama mikono. Mtoto alikuwa ameanza kulia, na mimi bila kufikiri nilikuwa nimetoa kichupa kwenye kikapu ili nimpake kichwani, maana upepo ulikuwa umemkausha ngozi. Chumba kikanukia mlangilangi.

"Hayo ni ya nini?"

"Ya mtoto. Mafuta ya nazi tu."

"Ya mtoto peke yake?"

Sikuelewa anakokwenda. Nikamwambia ni ya nyumba nzima, ni ya somo, ndiyo ninayompaka mume wangu kabla. "Unampaka wapi?" Nikamwambia kila mahali, hapaachwi mahali. Nesi akachukua kondomu mbili, akazipuliza kwa mdomo kama watoto wapulizavyo vibofu, akazifunga. Moja akaipaka maji ya utelezi kutoka kwenye pakiti ndogo. Nyingine akaniambia niipake mimi, mafuta yangu mwenyewe, kwa mikono yangu. Akaziweka zote mapajani mwangu.

"Tuongee," alisema. "Mwezi uliopita kuna ambazo hazikupasuka? Siku hizo ulimpaka?"

Nikakumbuka. Siku mbili za mwanzo chupa ilikuwa imebaki tone, nikampaka mtoto. Siku ya tatu ndiyo niliyokamua tone la mwisho kwa ajili ya mume, na hata nikacheka kwamba ametunukiwa. Nilikuwa nimefungua mdomo kumweleza hayo ndipo ile niliyoipaka mafuta ikapasuka mapajani mwangu. Mtoto alishtuka akapiga ukelele. Ile nyingine ilikuwa bado imejaa, inang'aa, haina neno.

Nesi hakusema "unaona." Namshukuru kwa hilo. Aliniambia tu kwamba mpira ule haupatani na mafuta ya aina yoyote, ya nazi, ya kupikia, ya mgando. Unalainika ndani na mtu haoni. Akanipa pakiti za jeli ya maji. Mimi nilikuwa natazama viganja vyangu. Mikono niliyojivunia ndiyo iliyokuwa ikizipasua.

Nyumbani nilimweleza mume wangu, na yeye, mtu mzima mwenye mikono ya chuma, alilia mpaka akakohoa. Alikuwa ameamini kabisa kwamba ni adhabu. Jioni ile nilitundika shanga nyekundu na sikuziondoa. Alirudi kazini, akaja likizo nyingine akazikuta bado nyekundu, akakaa wiki nzima chini yake bila kuuliza.

Vidonge vilinitesa. Siku ya kumi nilikwenda kwa somo, si kwa mafuta bali kwa kuwa mdogo wangu alikuwa ameposwa, na mama alinituma nikapange naye siku za kumfunda. Nilimkuta jikoni peke yake. Harufu ya nazi inayochemka ilinipiga, nikakimbilia uani kutapika.

"Heh, mwanangu!" alicheka. "Huyu wa kwanza hata hajaacha ziwa. Mtamaliza dunia nyie."

"Si mimba, somo," nilisema. Nilijifuta mdomo. Nilikuwa nimejiapiza nisimtoe mume wangu siri, lakini niliiona sufuria ile ikichemka kwa ajili ya mdogo wangu, na kila neno likatoka. Nilimwambia virusi, vidonge, Jumatatu, askari wa njia panda, kondomu mapajani mwangu. Nilisema vibaya, kwa ukali, kana kwamba yeye ndiye aliyenituma. "Si mbovu, somo. Hazikuwa mbovu hata siku moja. Ni mafuta."

Aliendelea kukoroga. Nilingoja anitukane, au aniambie nesi ni mtoto wa bara hajui lolote. Mwiko ukapungua kasi, ukasimama.

"Na wale wengine?" aliuliza.

Alikuwa hajaniuliza mimi.

"Mama wa huyu alinijia," alisema, akatazama uani, mjukuu wake alikokuwa. "Mumewe alikuwa mgonjwa, wakapewa hizo. Akanijia akilia, mama, zinapasuka. Nikamjazia chupa. Nikamwambia aziache, hazina maana, amshike mumewe vizuri tu, Mungu atamlinda."

Nilitaka kumshika mkono, akauondoa. Aliitoa sufuria motoni na kukaa chini kando yake. Mafuta yalikuwa yameshaanza kupanda juu. Nilikaa naye mpaka adhuhuri ikaadhiniwa, naye hakunifukuza.

Kwa wiki nyingi baada ya hapo hakutoka nyumbani. Wanawake waliokwenda na chupa walirudi nazo tupu, na wakasema somo anaumwa. Nilijilaumu. Nilijiambia ningeweza kumwambia polepole, kwa adabu, kama mtu aliyefundwa. Wiki ya sita nikapimwa, mstari mmoja, nikarudi nyumbani nikiwa siwezi kufurahi, maana miezi mitatu ilikuwa bado.

Miezi mitatu ilipotimia, asubuhi ya kwenda Palma, nilimkuta mlangoni kwangu. Amevaa kapulana yake ya Idi. "Twende," alisema.

Tulipanda mota moja, watatu na mtoto, yeye akinishika kiuno kwa nguvu maana hajazoea. Kwenye benchi alimpakata mtoto. Nilipoitwa aliingia nami bila kuulizwa, na nesi hakumzuia. Kidole, tone, kungoja. Nilifumba macho safari ile. Nilimwambia somo atazame yeye.

"Ni mmoja," alisema baada ya muda mrefu. "Mmoja tu, mwanangu. Mmoja."

Nilimkumbatia binti yangu nikalia bila haya. Nesi naye alijifuta macho kwa mgongo wa mkono, akafungua faili, akatuambia kwamba kipimo cha mume wangu nacho kinaleta matumaini, lakini tusiache kondomu mpaka aseme yeye. Nilipoinuka kuondoka, somo hakuinuka.

"Nionyeshe," alimwambia nesi. "Na mimi ni mwalimu. Nionyeshe kama ulivyomwonyesha huyu."

Kielelezo cha mti kikatoka kwenye droo. Vidole vyake vimekunjamana kwa miaka ya kukuna nazi, na pakiti ilimtoka mara mbili. Alirudia mara sita. Tarehe, sukuma upande, chana, bana ncha, vingirisha mpaka chini. Mara ya sita hakukosea, akaomba apewe boksi zima na jeli.

Mdogo wangu alifundwa mwezi uliofuata. Nilikuwamo ndani, maana dada huruhusiwa. Wasichana walikuwa watatu, wamekaa mkekani wameinamisha vichwa, na sisi wakubwa tumezunguka ukutani. Somo alifundisha shanga. Akafundisha kitambaa, na kwamba kumfuta kungoje kwanza mume atoke. Ilipofika zamu ya mafuta, wanawake walianza wimbo wake kama kawaida, naye akanyoosha mkono wakanyamaza. Aliinua chupa wote waione, kisha akaipeleka mpaka kwenye kona ya chumba na kuiacha sakafuni.

"Hayo ni ya nywele na ya miguu," alisema. "Palipo na kondomu yasikaribie. Anayewaambia hivi ndiye aliyekuwa akiwaambia kinyume."

Chumba kizima kilimtazama. Mwanamke mmoja karibu nami alishika kinywa. Somo alikaa tena mbele ya wasichana, akaweka pakiti juu ya goti lake, na mikono ikatulia juu yake. Halafu akalitaja jina la binti yake. Alilitaja kamili, na la baba yake, kama linavyosomwa msikitini, jina ambalo hatukulisikia kinywani mwake tangu siku ya kaburi.

"Huyo alikuja kwangu," aliwaambia, "nami nikamjazia chupa."

Hakulia. Aliisukuma kondomu ikae upande mmoja wa pakiti, akawaambia wasichana wainue vichwa, watazame mikono yake.